Sherehe za 64: Vile Unaweza Kula Raha Eldoret Ukikaa Hosteli, na Ufike kwa Geti Ukiwa Mzima

Ndani ya kilabu, saa saba usiku, makomredi wote hufanana. Kila mtu anajua hiyo ngoma, kila mtu ni tajiri, kila mtu ni rafiki ya DJ. Tofauti huonekana saa tisa mziki ukizimwa. Kuna wenye wanatoka, wanapigia mtu wao wa nduthi, na baada ya muda kidogo wako chini ya blanketi. Na kuna wale wanabaki kwa barabara na shati nyepesi, simu asilimia mbili, wakiuliza watu hawawajui, "Kwani nyinyi mnaenda upande gani?"

Hii makala ni yako kama umewahi kuwa kundi la pili, ama kama ndio umeripoti mwaka wa kwanza na unafikiria sherehe ya Eldoret huanzia kwa mlango wa kilabu. Huanzia kwa geti ya hosteli yako. Hiyo geti ndiyo itaamua kama usiku ulikuwa mtamu ama ulikuwa hasara.

Kwanza jua uko mji gani

Wakiita Eldoret "64" si mambo ya matatu. Jina limetoka kwa shamba namba 64 la walowezi, mahali serikali ya mkoloni ilifungua posta mwaka wa 1910. Tarehe 15 Agosti 2024 ikapewa hadhi ya jiji, la tano Kenya baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Sawa, ni jiji. Lakini usikuje na akili ya Nairobi ukidhani kila saa kuna mat inangoja. Sherehe zimejazana katikati ya tauni, Uganda Road na mitaa ya nyuma yake, na wanafunzi wametawanyika kila pembe.

Hapo ndipo hesabu inaanza. Kama uko kampasi kuu ya Moi University kule Kesses, uko kama kilomita 35 kutoka tauni. Hiyo si kutoka usiku, hiyo ni safari. Kama uko University of Eldoret, Chepkoilel, uko karibu kilomita 9, na wengi wanakaa Kimumu na hosteli za hapo kando. Wale wa udaktari na uuguzi ndio wamebarikiwa, chuo chao kiko tauni, pale pale na hospitali ya rufaa ya Moi. Hao wanaweza toka darasani, wapitie kwa kelele kidogo, na bado wafike kitandani kabla wewe wa Kesses hujamaliza kubishana na makanga.

Kwa hivyo ushauri wa sherehe ya Eldoret hauwezi kuwa mmoja. Mtu wa Kesses, sikiza vizuri: usipange kurudi usiku. Panga kulala tauni kwa rafiki unamjua, mwenye ameambiwa mapema na amekubali, ama ukule raha zako kwa baa za hapo karibu na chuo. Kupanda nduthi kilomita 35 saa tisa usiku, kwa barabara haina taa, na dereva mwenye naye alikuwa anangoja wateja nje ya baa, hiyo siwezi kuiita ujanja. Mtu wa Kimumu yeye anaweza rudi, lakini arudi na mtu anajulikana.

Halafu baridi. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Ile baridi ya saa tisa haitaki kujua ulivaa nini kwa ajili ya picha. Beba koti. Najua koti huharibu mwonekano na hakuna mahali pa kuiweka ukidensi. Beba tu, mfunge kiunoni kama watu wa zamani.

Kitu kingine cha mji huu ni ladha yake. Kuna usiku wa ngoma za Kalenjin wenye hutaupata Westlands hata ukilipa, watu wanaimba Sweetstar na Msupa S neno kwa neno, na hata kama huelewi lugha utajikuta unachezesha bega. Kuna mugithi pia, kuna arbantone ya watoto wa 2000. Kama umetoka Mombasa ama Nairobi, nenda hizo za Kalenjin angalau mara moja kabla ufike mwaka wa nne. Watu wengi humaliza chuo hapa wakiwa wamesikia tu nyimbo zile zile wangesikia kwao.

Keateka, soja na siasa ya geti

Mimi chuo nilikiacha nikiwa mwaka wa pili, lakini hosteli nilikaa zaidi ya hapo, na kama kuna kozi nilihitimu ni hii ya geti.

Watu wakitafuta hosteli huuliza maji, wifi, stima ya tokeni. Hakuna mtu huuliza yale maswali yatamsaidia Ijumaa usiku. Geti hufungwa saa ngapi? Ikifungwa, nani ako na ufunguo, na huyo mtu hulala ndani ama huenda kwake? Kuna taa kutoka barabara kubwa mpaka mlangoni, ama kuna kichochoro cha mita mia mbili chenye hata mbwa hupita wakikimbia? Wageni mwisho wao saa ngapi, na mgeni akipatikana ndani nani hulipa faini? Uliza hayo kabla hujalipa deposti. Ukishalipa, majibu yote huwa "tutaona".

Kama tayari umeingia, jenga uhusiano. Soja wa usiku ni mtu mzima, mara nyingi ni baba ya watu, na amekaa kwa hiyo baridi masaa kumi na mbili akilinda watoto wa wenyewe. Ukimpita kila siku kama nguzo ya stima, usishangae siku ukirudi saa tisa ukipiga geti hasikii. Msalimie. "Chamgei mzee" haina bei. Ukitoka jioni mwambie, "Mzee, leo nitachelewa kidogo, nitarudi na fulani." Hapo umefanya vitu viwili: umejifungulia geti, na umeacha mtu mwenye anajua ulikuwa urudi. Ukikosa kuonekana asubuhi, kuna mtu atauliza. Hiyo ya pili ndiyo kubwa.

Usiruke ukuta. Kila hosteli iko na hadithi ya mtu aliruka ukuta, na vipande vya chupa juu ya ukuta havijui kama wewe ni mwenyeji ama mwizi. Soja pia hajui, na giza halimsaidii kujua.

Ndani ya hosteli kuna jirani wa CAT kesho. Kuna pia rumeti. Kama mnakaa wawili kwa chumba kimoja, ongeeni mapema kuhusu ile mambo ya eksaili, yaani kumtoa rumeti akalale kwingine juu umeleta mtu. Kumwambia saa nane usiku kwa mlango "buda nisaidie kidogo" ni kumfukuza mtu kwa nyumba amelipia. Na anaenda wapi hiyo saa?

Doo: weka ya kurudi mbali na ya kukunywa

HELB ikiingia, mji mzima hujua. Vilabu hujaa, na hata muuza smokie huongeza sauti. Hapo kuna sheria moja tu naamini: pesa ya kurudi isikae mahali pamoja na pesa ya sherehe. Usiiache M-Pesa ukisema hutaigusa. Utaigusa. Ikiisha utaingia Fuliza, na asubuhi ile pesa mama ametuma ya chakula inaingia ikimezwa na deni la Ijumaa. Toa noti ya nauli ukiwa bado na akili, uiweke kwa soksi ama nyuma ya kifuniko ya simu.

Wengi huanzia keja, wanachanga mzinga moja, halafu wanaenda kilabu kudensi tu. Kwa mfuko hiyo ina maana. Shida ni kwamba mzinga ya keja haina mhudumu wa kukuhesabia. Mzinga ni mililita 750 za pombe kali. Mkiwa watatu, kila mmoja amekunywa kwota nzima kabla hajavaa viatu. Kwota, kama hukuwa unajua, ndiyo ndogo kabisa inaruhusiwa: sheria ya pombe ya 2010, ile watu huita sheria ya Mututho, ilipiga marufuku pombe kali ya chini ya mililita 250, ndiyo maana vile visacheti vya zamani viliisha. Kwa hivyo kukuwa "ndogo" haimaanishi ni ya mtu mmoja. Kula kwanza. Ugali na kitu yoyote, chapo madondo, githeri, si lazima iwe nyama.

Na nunua mahali panajulikana. Februari 2024 kule Kirinyaga zaidi ya watu kumi walikufa baada ya kunywa pombe yenye sumu kwa baa, si kwa mtungi wa kichakani. Methanoli haina ladha utaitambua. Kama asubuhi macho yanaona ukungu, tumbo linakata na kichwa kinapasuka kuliko hangova yoyote umewahi kuwa nayo, hiyo usilale ukingoja ipite. Enda hospitali hiyo saa. Watu hupoteza macho kwa hiyo kungoja, na wengine huenda kabisa.

Miaka pia. Kama hujafika 18, na mafresha wengine huripoti na 17, hakuna baa inakubaliwa kukuuzia. 2025 serikali ilitoa sera inayopendekeza umri upandishwe ufike 21. Hiyo ni sera, haikubadilisha sheria, kwa hivyo baunsa akikuambia "siku hizi ni 21" mwambie pole pole, halafu kama bado anakataa, wachana naye. Hakuna mtu amewahi shinda baunsa kwa hoja.

Mchele, na ule muda mfupi

Hapa nipunguze utani. Mchele ni dawa, mara nyingi za usingizi, zinawekwa kwa kinywaji ili uzime uibiwe ama ufanyiwe mabaya zaidi. Wengi wanajua hadithi za wanaume wa Nairobi wakiamka bila simu na viatu. Wasichana wa kampasi hupitia mbaya kuliko hiyo na wengi hawasemi.

Chupa ifunguliwe ukiona. Ukienda choo nayo, sawa. Ukiiacha mezani, imekuwa ya meza, nunua ingine. Kinywaji kutoka kwa mtu hujui, hata kama amevaa vizuri na anajua jina la lecturer wako, kataa. Na dalili kubwa ni hii: umekunywa kidogo lakini mwili unajiskia kama umekunywa sana. Miguu haikusikii, maneno yanateleza, unataka kulala hapo kwa kiti. Kutoka hapo una muda mfupi tu wa kujisaidia. Usiutumie kwenda "kupunga hewa" nje peke yako, maana nje ndiko kuna mtu anangoja kukusaidia kuingia kwa gari. Mshike rafiki mkono, mwambie wazi, "Nimewekewa." Kama hakuna rafiki, enda kwa kaunta, mwambie mhudumu ama baunsa.

Ndiyo maana hautoki peke yako. Toka watatu, rudini watatu. Mkikubaliana hivyo kabla ya kutoka, hakuna mtu atajiskia anaharibu raha ya mwingine akisema "huyu haendi na wewe leo".

Wanaume, hii chips funga mnaichekea sana, kubeba dem kutoka kwa sherehe kama kiazi kwa karatasi. Mtu amelewa hadi akili imevurugika hawezi kukubali kitu. Sheria ya makosa ya ngono ya 2006 inasema hivyo wazi. "Lakini alikuja mwenyewe" haisaidii kotini na haifai kusaidia kwa roho yako. Mpeleke kwa marafiki zake, ama mpeleke kwa rumeti yake.

Na kama imetokea, kwako ama kwa mtu wako: usioge, weka zile nguo kwa mfuko wa karatasi, na mwende hospitali kabla ya masaa 72 kuisha. Hizo ndizo saa dawa za kuzuia HIV hufanya kazi, na mapema ni bora kabisa. Hospitali ya rufaa ya Moi iko hapo tauni. Daktari atajaza fomu ya PRC, polisi watatoa P3, na P3 haiuzwi, ni bure, mtu akikuitisha pesa anakuibia. Namba ya 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, haikati kredo, wanashika usiku na mchana. Huhitaji kuwa na uhakika nani alifanya nini ndio uende.

Simu ikipotea, tumia laini ya mwenzako ya Safaricom upige 100 wafunge laini yako. Fanya hiyo kabla ya kulia.

Mkishafika ndani

Watu hufikiria wakiingia geti hatari imeisha. Hapana, kuna mbili zinangoja chumbani, na hizi ndizo naona hazizungumzwi.

Ya kwanza ni mwenye amezima. "Mwacheni alale, atakuwa sawa kesho." Mtu akizima na alale chali, akitapika anaweza kusongwa na matapishi yake mwenyewe. Mlaze kwa ubavu, mguu wa juu umekunjwa, kichwa kimerudishwa nyuma kidogo. Mmoja abaki macho. Ukimtikisa na kumwita haamki kabisa, ama anapumua pole pole sana na kwa kuruka, ama midomo na kucha zimebadilika rangi, hiyo si kulewa tena. Pigeni 999 ama 112, ama ambieni keateka atafute gari. Afadhali keateka akasirike. Maji baridi kichwani na kahawa hazitoi pombe kwa damu, ni filamu tu.

Ya pili ni baridi. Mmerudi mmeganda, mtu anakumbuka kuna jiko la makaa kwa kibaraza, mnaliingiza ndani, mnafunga dirisha, mnalala. Makaa yakiwaka mahali hakuna hewa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na hukulaza kwanza ndipo ikumalize, kwa hivyo hata haikupi nafasi ya kuamka. Mtu amekunywa ndio hata hajui kichwa kinamuuma juu ya gesi ama juu ya mzinga. Jiko likae nje. Blanketi mbili, soksi, mlale kama sadini.

Koili nayo, ile ya kuchemsha maji ama kupika indomie saa kumi alfajiri, wengi wamepigwa marufuku nayo na bado wako nayo chini ya kitanda. Sitajifanya polisi. Lakini mtu amelewa akiweka sufuria halafu "ajilaze kidogo", hapo hosteli yote imewekwa kwa mikono ya mtu analala. Nunua mayai pasua na smokie njiani, ule ukiwa nje, ulale.

Karao wakifika

Baa za kawaida, kwa sheria ya 2010, hufungwa saa tano usiku, na siku za wiki zinafaa kufungua saa kumi na moja jioni. Zile zinaendelea mpaka asubuhi ziko na leseni tofauti, ama ziko na bahati. Huwezi jua ni gani ukiwa ndani unadensi. Mkivamiwa, usikimbie na usirushe maneno. Beba kitambulisho, kile cha shule pia.

Katiba, kifungu cha 49, inasema uambiwe kwa nini umeshikwa kwa lugha unaelewa, una haki ya kunyamaza na ya kuongea na wakili, na upelekwe kotini ndani ya masaa 24. Lakini kuna hii kitu wengi hawajui: masaa 24 yakiishia wakati koti imefungwa, inasukumwa hadi siku ya koti inayofuata. Piga hesabu. Ukishikwa Ijumaa usiku, saa zako zinaisha Jumamosi usiku, na koti ni Jumatatu. Sasa unaelewa kwa nini watu wengi hutaka kulipa "kitu kidogo" Jumamosi asubuhi.

Kabla ya hapo, ulizia bondi ya polisi. Bondi ni ahadi ya kufika kotini, haina malipo. Kama ni dhamana ya pesa, dai risiti, maana hiyo pesa hurudishwa kesi ikiisha. Na mpigie mtu mmoja mzima mwenye atakuja kituoni, si rumeti mwenye naye ananuka mzinga. Wengi huogopa kupigia wazazi, wakaishia kupigia keateka. Keateka akikujia kituoni Jumamosi asubuhi na koti yake ya mvua, mnunulie chai mkitoka, na mtaelewana hadi umalize chuo.

Kama yote yameenda vizuri, utaamka Jumamosi koo ikiwa jangwa. Kunywa maji kabla ya simu. Supu ya ng'ombe inapatikana mapema karibu na stage, na saa hiyo barabara za kutoka mjini huwa na wakimbiaji wameshamaliza kilomita zao za asubuhi, wamevaa jaketi, hawakuangalii hata. Mat ya Kesses hujaa pole pole wikendi. Shika kiti ya nyuma kwa dirisha, mwambie makanga akuamshe ukifika.